Gunia la Mwanahawa

Wapo watu wenye digrii tatu tatu wanaobishana mpaka leo juu ya Mwanahawa Mketo wa Mohoro, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba kambare hamli, kwamba sikio lake la kushoto halisikii vizuri, wala kwamba mtumbwi huuendesha kwa pondo akiwa wima, khanga moja kiunoni, huku anawasema wanaume waliochelewa shamba. Wao wanachojua ni gunia. Wamemvua kila kitu kingine wakambakishia hilo, kisha wakakaa kumwamulia kama ni mtu mwema au mbaya.

Ni mkulima wa mpunga. Mumewe alikufa zamani, watoto hakujaliwa. Kila mwaka mvua zikianza huhama kijijini na kwenda kuishi bondeni kwenye dungu lake, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na hukaa huko mpaka mavuno, mchana akiamia ndege na usiku akigonga debe kuwafukuza nguruwe na viboko. Dungu la jirani lilikuwa la mzee Bushiri, mjane mwenzake, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mkewe alipofariki alimwachia binti wa miaka sita, Zawadi, na mtoto huyo alikulia mikononi mwa Mwanahawa kwa kuwa Bushiri hakujua hata kusuka nywele.

Zawadi alipovunja ungo, Mwanahawa ndiye aliyekuwa somo yake. Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa, lakini kwa kuwa siku hizi tunasomwa na kila mtu, nieleze. Somo ndiye anayemfunda mwari mambo ambayo mama mzazi haruhusiwi kuyatamka mbele ya mwanawe. Siku ya harusi somo ndiye anayeingia naye chumbani, anamwogesha, anamsinga, anamkabidhi. Baada ya hapo ni msiri wake mpaka mmoja wao azikwe. Mwanahawa aliisubiri siku hiyo kwa miaka kumi na mbili, na alikuwa na sanduku la udi, liwa na khanga mpya ambalo hakumfungulia mtu yeyote. Kwa mwanamke asiyezaa, hilo ndilo lililokuwa jambo lake duniani.

Sasa tuje kwenye maji. Mwaka juzi, mwezi wa nne, mto ulifurika asubuhi moja kwa namna ambayo hata wazee hawakuizoea. Bonde linajua mafuriko, tena linayategemea, maana maji yakishapungua ndipo tunapopanda mahindi ya mlao kwenye udongo uliobaki na unyevu. Haya yalikuja kwa fujo. Mwanahawa alikuwa na mtumbwi mdogo unaovuja. Alikwenda kwanza kwenye dungu la Salima, kijana mwenye watoto wawili wadogo, kwa sababu dungu hilo lilikuwa limeshaanza kuinama. La Bushiri lilikuwa limesimama imara, na mwenyewe alikuwa mlangoni akipiga kelele kwamba yeye atangoja. Mwanahawa akawapandisha Salima na wanawe, akawaketisha juu ya gunia la mbegu ya mahindi lililokuwa ndani ya mtumbwi ili wasikae kwenye maji, akawafikisha mwinuko wa msikitini. Kurudi, hata saa moja haijapita, hapakuwa na dungu wala mtu. Bushiri alipatikana siku ya tatu kwenye matete.

Matanga yakafanyika wakati barabara imekatika. Zawadi alikuwa Dar es Salaam, chuo cha uuguzi, akilia kwenye simu kila inapopatikana mtandao. Hakumwona baba yake, hakurusha hata konzi ya udongo, wala hakusikia yaliyosemwa mkekani.

Na mkekani alikuwapo Bi Tabu. Ukoo wa Tabu na ukoo wa Bushiri ni watani tangu mababu, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata imamu hana. Atajilaza mahali pa maiti na kudai sanda ni fupi. Atamwiga marehemu alivyokuwa akikoroma. Atamshika mfiwa mahali panapouma kuliko pote na kupabonyeza mbele ya watu, na mfiwa hana haki ya kukasirika. Siku ya pili ya matanga Tabu alisimama katikati ya wanawake, akainua mkono mmoja na kuushusha mwingine, akasema kwamba Mwanahawa alichukua mizani bondeni, upande huu akamweka Bushiri, mifupa mitupu, upande huu gunia la mbegu, akaona Bushiri hata ukimpanda haoti, akachukua gunia. Kilio kikakatika, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwanahawa naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya maji, kisha akalia kilio alichokuwa hajakilia. Tabu akapewa kuku wake kama ilivyo ada, na neno lile likaishia hapo. Maneno ya mtani msibani hayabebwi kupelekwa nyumbani. Hata mtoto wa kwetu analijua hilo.

Dokta Ashrafu alilijua pia, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Huyu si mgeni wa mila zetu. Amezaliwa Temeke, mama yake ni mtu wa Kisarawe, ila anafundisha falsafa ya maadili katika chuo kikuu kimoja huko Ulaya. Alikuja Mohoro wiki ile ile kwa boti ya watu wa misaada, akitafiti jinsi watu walio hatarini wanavyoamua nani aokolewe. Akaomba ruhusa ya kurekodi, akapewa, kwa sababu sisi hatumnyimi mgeni kitu. Alikula ubwabwa wa matanga. Tabu aliposema ya mizani, Dokta Ashrafu alicheka mpaka akavua miwani kuifuta.

Kisha akarudi kwake na kuandika. Makala yake ilitoka katika jarida kubwa la wanafalsafa, na ndani yake kulikuwa na mfano alioubatiza Gunia la Mwanahawa. Mwanamke wa bonde la Rufiji, jina lake hili, kijiji chake hiki, ana nafasi moja katika mtumbwi wake. Kuna mzee, na kuna gunia la mbegu litakalolisha watu kumi na wawili msimu ujao. Anachagua gunia. Je, ametenda kosa?

Wenzake waliupokea mfano huo kwa shangwe. Profesa mmoja alipiga hesabu ya miaka aliyobakiza mzee na ya matumbo kumi na mawili, akasema mwanamke yule alifanya sawasawa, na sisi wengine tunazuiwa na hisia tu. Mwingine akamjibu kwamba binadamu hapimwi na gunia, kwa hiyo mwanamke yule ametenda uovu, hata kama kijiji kizima kingekufa njaa. Wa tatu akawakemea wote wawili: umaskini ulikuwa umeshamfunga mikono, hivyo hastahili lawama wala sifa, kwa kuwa hakuamua chochote. Huyo nasikia alijiona amemtetea. Wa nne akauliza ingekuwaje kama wazee wangekuwa wawili na gunia nusu. Wakafanya kongamano la siku mbili katika mji wenye theluji, wakala, wakapigana picha. Hakuna hata mmoja aliyenyanyua simu kuuliza kama jambo lenyewe lilitokea.

Mfano mzuri husafiri. Mwaka huu ulifika katika darasa la maadili la chuo cha Zawadi, Dar es Salaam. Mwalimu aliuweka ukutani kwa herufi kubwa, jina la mwanamke, jina la kijiji, akawaambia wauguzi watarajiwa wanyooshe mikono: nani anamtetea, nani anamhukumu. Zawadi alikuwa amekaa safu ya pili. Alisoma jina la somo yake, akasoma kwamba mzee aliyeachwa alikuwa jirani yake wa shamba, akageuka nyuma na kuona mikono ya wenzake hewani. Wanaomhukumu walikuwa kumi na tisa. Wanaomtetea walikuwa ishirini na watatu, na hao, alikuja kusema baadaye, ndio waliomuumiza zaidi.

Hakupokea simu ya Mwanahawa wiki tatu. Kisha akatuma ujumbe wa sauti, mfupi, akisema somo asijisumbue tena na mambo ya harusi yake iliyokaribia, keshapata mtu mwingine wa kumshughulikia. Mwanahawa aliusikiliza kwa sikio lake zima mara nyingi, akitafuta amekosa wapi. Alidhani ni maneno ya watu wa upande wa bwana harusi. Mpaka Salima alipopata kujua kwa wanafunzi wenzake Zawadi, na mwalimu Abdulatifu wa shule ya msingi akaitafuta makala ile kwenye simu yake na kuja nayo.

Abdulatifu alimsomea barazani, sentensi kwa sentensi, akigeuza Kiswahili. Mwanahawa alikuwa anapembua mchele na hakuacha kupembua. Alimrudisha mahali pamoja tu, pale paliposema anachagua gunia. Akauliza kama imeandikwa nani aliyesema hivyo. Abdulatifu akatafuta juu, akatafuta chini, akasema haikuandikwa. Akauliza kama neno utani limo. Halimo, akasema Abdulatifu. Mwanahawa akauweka ungo chini.

Riziki ya hasira yake ikaja yenyewe. Dokta Ashrafu alirudi nchini kutoa kile anachokiita mrejesho, maana wafadhili wa utafiti siku hizi wanataka waone kwamba waliotafitiwa wameshukuriwa. Akakodi ukumbi Kibiti, karibu na stendi, akaalika watu wa vijiji vinne. Mwanahawa alimtumia Zawadi ujumbe kwa simu ya Salima. Hakubembeleza. Alimwambia Alhamisi saa nne aje Kibiti asikie kwa masikio yake, na baada ya hapo aamue apendavyo.

Alhamisi Mwanahawa na Tabu waliondoka Mohoro alfajiri. Tabu, ambaye kwa kawaida mdomo wake haupumziki, hakusema kitu mpaka Ikwiriri, na aliposema alisema tu kwamba kama si ulimi wake haya yote yasingekuwapo. Mwanahawa akamwambia anyamaze, ulimi wake haukuwa na kosa. Zawadi walimkuta ukumbini tayari, katika kiti cha nyuma, ameshuka kwenye basi la Dar na bado ana begi mapajani. Aliwaamkia shikamoo kwa adabu, akatazama mbele.

Dokta Ashrafu alizungumza kwa saa nzima. Kiswahili chake ni kizuri, hilo simnyimi. Alisema sauti za watu wa Rufiji sasa zinasikika katika vyumba ambavyo hazijawahi kusikika. Alipomaliza na kuuliza kama kuna maswali, Mwanahawa akasimama, akamwomba amjibu machache tu.

Akamuuliza kama matanga ya Bushiri alikuwapo. Alikuwapo. Nani aliyesema habari ya mizani na gunia? Dokta akamtazama Tabu, akasema ni Bi Tabu. Na Bi Tabu alikuwa nani kwa marehemu?

"Mtani wake," alisema Dokta Ashrafu.

"Ulilijua hilo siku ile ile, au umeambiwa leo?"

Dokta akakubali. Akasema alilijua siku ile ile.

Ukumbi uliguna. Yeye akainua mikono akitaka atulize watu, akaeleza, kwa upole wa mwalimu aliyezoea wanafunzi wazito, kwamba katika falsafa mfano si ushahidi wa mahakamani. Mfano ni chombo cha kufikiria nacho. Si lazima uwe umetokea. Swali la kama mtu aweza kuachwa kwa ajili ya chakula cha wengi ni swali lile lile, iwe Mwanahawa alifanya hivyo au hakufanya. Habari za utani angeziweka, angehitaji kurasa tano za maelezo, na msomaji angepotea njia.

"Kama si lazima kiwe kimetokea," Mwanahawa alisema, "jina langu ulilitakia nini?"

Hilo lilimfikia. Alivua miwani. Akasema, safari hii bila kuangalia karatasi, kwamba wenzake huko huandika mifano ya watu wasio na majina, wasio na kwao, na kwamba katika miaka yote ya kusoma hakuwahi kukutana na mtu mmoja wa kwao ndani ya vitabu hivyo. Alitaka awepo mmoja. Alidhani anampa heshima. Huenda alikuwa anasema kweli, na kwangu mimi hiyo haimpunguzii kitu: mtu anayetaka kukuheshimu hukuuliza kwanza kama umefanya unachoheshimiwa nacho. Akaahidi kwamba jarida litatoa sahihisho, kwamba jina litafutwa, patabaki mwanamke fulani wa bonde fulani.

Mwanahawa hakulijia sahihisho. Aligeuka nyuma, akamtazama Zawadi, akamuuliza kama amesikia.

Zawadi alisimama, begi bado mkononi. Akasema amesikia, na kwamba tangu Abdulatifu amfafanulie kwa simu wiki iliyopita alikuwa ameshaelewa kwamba yale yalikuwa maneno ya mtani. Hakuja kwa ajili hiyo. Amekuja kwa sababu katika hao wote, wa darasani na wa ughaibuni na wa hapa, hakuna aliyeuliza anachotaka kuuliza yeye.

"Gunia lilikuwamo kwenye mtumbwi, halikuwamo?"

"Lilikuwamo," alisema Mwanahawa.

"Lingetupwa majini, baba angeenea?"

Tabu alimshika Mwanahawa mkono, akafungua mdomo kusema jambo. Mwanahawa akautoa ule mkono taratibu. Angeweza kusema kwamba Bushiri mwenyewe alipiga kelele kwamba atangoja, na ingekuwa kweli. Angeweza kusema dungu lile lilikuwa imara kuliko yote bondeni, na hiyo pia ni kweli, kila mtu aliyekuwapo angeitolea ushahidi. Salima alikuwa pale kati ya waalikwa, na wanawe wawili wazima, angemwonyesha kidole tu. Yote hayo yalimpitia, na yote aliyaona ni maneno ya watu wa kongamano.

"Angeenea," alisema.

Dereva wa basi nje alikuwa anapiga honi kuita abiria wa Lindi.

"Sikumpima na gunia, Zawadi. Watoto walikuwa wamelikalia, sikuliona tena. Nililikumbuka kule msikitini, nilipolishusha. Nililinyanyua peke yangu, nikaona uzito wake, nikajua." Akamwonyesha Tabu kwa kidevu. "Tabu alikuwa amesimama pale, akaniona usoni. Ndiyo maana alilisema mkekani. Alilisema ili litoke, watu wacheke, nisije nikalibeba mpaka kaburini. Kwetu lilisemwa, likaisha."

Dokta Ashrafu alikuwa ameinamia daftari lake, kalamu inakimbia. Tabu akamwendea, akalifunga lile daftari juu ya vidole vyake.

"Wewe si mtani wangu," alimwambia. "Kwa hiyo nikikuita mwizi wa misiba ujue ni tusi, na nimelikusudia."

Wachache walitaka kucheka, wakaona hapachekeki. Dokta alivuta vidole vyake, hakulifungua tena daftari. Zawadi hakuwatazama wote wawili. Alikuwa amekuja mbele mpaka hatua mbili kutoka kwa Mwanahawa, na macho yake yalikuwa makavu, mekundu, ya mtu aliyemaliza kulia nyumbani kabla ya safari.

"Kwenu liliisha," alisema. "Mimi sikuwapo."

Mwanahawa akasema ni kweli, hakuwapo.

Zawadi alibadilisha begi mkono. Akasema harusi iko pale pale, Ijumaa ya pili ya Shaabani, Mbagala, kwa baba yake mdogo. Hatamzuia kuja, hawezi, maana ndiye aliyemlea. Atakaa na wageni ukumbini, atapewa chakula chake kama watu wazima wote wanavyopewa. Lakini chumbani asiingie. Mtu mwingine ataingia.

Tabu alianza kusema kwamba somo habadilishwi, kwamba jambo hilo halijapata kutokea Mohoro. Mwanahawa akamwambia amwache binti. Alivuta khanga yake kichwani, akaitengeneza upande wa sikio bovu, akamuuliza Zawadi nikaha inafungwa saa ngapi, asije akachelewa.

Zawadi akamwambia, baada ya Alasiri.